Kabichi za Kuazima

Jirani yangu anauza nyumba, na mimi ndiye ninayeumwa na kichwa. Wiki nzima sasa wanapaka rangi. Wamepaka ukuta, geti na mlango wa choo cha nje, na juzi nimemwona Baba Brian mwenyewe amechuchumaa akipaka chokaa shina la parachichi, kama mti huo unaenda interview. Harufu ya rangi ya mafuta, na ya ile petroli ya kusafishia brashi, inavuka ua na kuingia kwangu bila kubisha. Nimefunga madirisha. Nimekaanga vitunguu makusudi. Wapi.

Ningekuwa mtu wa kutembea ningeenda zangu town nizunguke kwa maduka mpaka jioni. Lakini mimi nikifika stage ya boda najiona nimesafiri. Nakaa hapa hapa na kichwa changu. Mama Brian aliponiona uani nimekunja uso alinicheka: "Mama Cheruto, kwani hii rangi imekukosea nini? Si tunakupandishia bei ya mtaa?" Nikacheka naye. Sikumwambia harufu hiyo hunikasirisha tangu nikiwa darasa la tatu. Utamwambiaje jirani kwamba wewe, mwanamke mzima mwenye watoto watatu na C plain ya Form Four, bado umemkasirikia baba yako kwa sababu ya kabichi?

Wacha niwaambie nyinyi basi.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka nyumba zile. Ya kwetu ilikuwa upande wa Moiben, nyumba ya mbao, mabati yamekuwa rangi ya chai, ua wa kaiyaba wenye miiba umezunguka, mahindi mbele, ng'ombe wawili nyuma. Sebuleni viti vilivikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, vile ambavyo mgeni akiinuka vinamfuata mgongoni, na ukutani kulikuwa na kalenda za miaka iliyopita ambazo hakuna aliyethubutu kuzitoa, maana ndizo zilizoziba mashimo ya mbao. Nyumba hiyo haikuwa imepakwa rangi tangu nizaliwe. Kwetu nyumba haikupakwa rangi hivi hivi. Ilipakwa kukiwa na jambo: harusi, au mtu mkubwa amekufa.

Kwa hivyo Baba alipokuja na mikebe miwili ya rangi ya buluu na gunia la chokaa, nilifanya hesabu yangu ya darasa la tatu. Hakuna aliyekufa. Dada yangu Chelagat alikuwa amemaliza shule, na kulikuwa na mwalimu fulani aliyekuwa akipita kwetu mara nyingi kuliko barabara ilivyohitaji. Jibu likatoka: wanakuja kumposa Chelagat. Nikapiga mstari chini ya jibu kama tulivyofundishwa, na sikuangalia tena.

Baba alikuwa ameandamana na mtu mmoja anaitwa Barnaba, mwenye viatu vilivyong'aa na mwavuli hata jua likiwaka. Huyo alikuwa broka wa mashamba. Mimi nilijua ni msemaji wa upande wa bwana harusi, maana aliongea sana na hakubeba kitu. Alizunguka boma letu akinyoosha mwavuli: hii kamba ya nguo itolewe, hizi ndala zifichwe, huyu mbwa afungwe mbali, ana sura ya njaa. Alipoingia sebuleni alizitazama zile kalenda akasema, "Mzee, hapa mtu anaona miaka inapita. Toa." Zikatolewa, na mashimo yakazibwa kwa magazeti na kupakwa rangi juu. Nilishangaa sana. Kumbe nyumba yetu ilikuwa nzuri hivi, tulikuwa tu tumeikalia vibaya.

Mama hakuwepo. Alikuwa ameenda mji mdogo wa Ziwa kwa dada yake aliyejifungua, akae wiki moja amsaidie. Mimi nikadhani ni sapraizi tunamtayarishia. Nilifanya kazi siku hizo kuliko nilivyowahi kufanya tena maishani, na wanaonijua watakuambia sijawahi kuirudia.

Ukweli niliupata baadaye kwa Chelagat. Baba alitaka kuuza, tuhamie Eldoret mjini, afungue kinu cha kusaga unga. Mama alikuwa amekubali. Neno lake lilikuwa moja tu: ile kona ya chini, pahali alipolala Kibet, isiuzwe, na mnunuzi aambiwe.

Kibet alikuwa ndugu yangu wa mwisho. Alikufa na miezi minane, kifua kilimbana. Kaburi lake lilikuwa kule chini karibu na ua, dogo hata ukipita haraka hulioni, na msalaba wa mbao uliofungwa kwa waya. Kulizunguka kulikuwa na mawe laini ya mviringo ambayo Mama aliyaokota mtoni, moja moja, kila akienda kufua. Hakuleta mawili kwa siku moja. Sijui kwa nini, na sikuwahi kumuuliza.

Baba na Barnaba walisimama pale chini. Mimi nilikuwa hapo na ndoo yangu ya chokaa, kwa hivyo haya sikuambiwa na mtu.

"Mzee, hii kitu itakuangusha," Barnaba akasema. "Mtu anataka kujenga, anataka watoto wake wacheze. Akiona msalaba anageuza gari."

"Mama watoto alisema ibaki."

"Si itabaki? Kwani nani anachimba? Itabaki hapo hapo chini. Sisi tunapanda tu mboga juu."

Baba akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyekuwa akitafuta mlango na ameonyeshwa dirisha. Kisha akaniita kwa sauti ya upole, ile aliyoitumia kwa ng'ombe mgonjwa. "Mama yangu," akasema, maana mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake, "yale mawe ya njiani yamepungua, sivyo? Beba haya."

Njia ya kutoka getini mpaka mlangoni tulikuwa tunaipanga mawe pande zote mbili na kuyapaka chokaa, kama kwa ofisi ya chifu. Mawe yetu yalikuwa yameishia nusu. Nikabeba ya Kibet. Niliyabeba kwa sketi, safari baada ya safari, nikiimba. Nikayapaka chokaa, na yalipendeza kuliko yale mengine kwa sababu yalikuwa laini. Niandike hapa, kwa hasira yangu yote, kwamba nilijisifu. Nilimwita Chelagat aje aone. Alikuja, akaangalia, akarudi jikoni. Nikasema ana wivu, ama ni aibu ya kuolewa.

Msalaba Baba aliutoa mwenyewe. Sikuona aliupeleka wapi.

Halafu kabichi. Kupanda miche kungechukua muda, na wageni walikuwa wanakuja keshokutwa. Barnaba akasema shamba linatakiwa kuonekana linazaa. Kwa hivyo Baba alienda kwa Mzee Tanui, jirani yetu, akaazima kabichi kumi na mbili, zimekomaa, zimejifunga vichwa, zikang'olewa na mizizi na udongo wake, zikaletwa na toroli. Tukazipanda juu ya Kibet asubuhi ya siku yenyewe. Nilimwagilia maji. Zilisimama kama wanakwaya.

Baba alikuwa akinawa mikono kwenye ndoo, hakuniangalia, akasema: "Wageni wakikuuliza kama kuna mtu amezikwa hapa, sema hakuna."

"Hata Kibet?"

"Hata nani? Hakuna, basi."

Msinicheke, lakini nilielewa vizuri kabisa. Wakwe wakijua kwetu mtoto alikufa, watasema watoto wa Chelagat nao watakufa, na mwalimu wa watu atakwenda kuoa kwingine. Nilikuwa na siri ya kumwokoa dada yangu. Nilitembea nayo asubuhi hiyo yote kama mtu aliyebeba mayai.

Wakaja saa tano, na pick-up nyeupe. Akashuka mzee mwenye kipara na koti la kahawia, ana duka la vifaa vya ujenzi huko mjini. Nyuma yake akashuka bibi yake, mama mmoja mpana, mpole, amefunga leso kiunoni juu ya nguo nzuri. Barnaba alimwita Mama Wambui. Mimi nilitafuta mwalimu, sikumwona. Nikasimama mbele ya yule mzee, nikapeana mkono na kuinama kama nilivyofundishwa, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Tanui: "Karibu, shemeji!"

Mzee akashtuka, kisha akacheka mpaka akashika gari. "Shemeji! Mama Wambui, umesikia? Nimepata bibi Moiben na sina habari."

"Mchukue," Mama Wambui akasema, "lakini na nguo zako aje afue yeye."

Nilikimbia jikoni. "Chelagat! Bwana yako ana kipara! Na amekuja na bibi yake wa kwanza!"

Chelagat alikuwa anakata mkate. Alinitazama, akaelewa, akakaa chini kwenye kiti cha kukamulia, akacheka. Alicheka machozi yakamtoka, na kisha machozi yakaendelea na kicheko kikawa kimeisha. Akanishika mkono. "Sikiza," akasema. "Wewe sikiza. Hao si wakwe. Hao..." Na hapo Baba akaniita.

Nilitoka, na pale njiani, katikati ya mawe meupe, alikuwa amesimama Mama. Alikuwa amerudi siku moja mapema kwa sababu mtoto wa dada yake alikuwa mzima na yeye alitukumbuka. Kikapu kilikuwa bado kichwani. Hakuwa anaangalia nyumba iliyopakwa rangi wala wageni. Alikuwa anaangalia chini, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayesoma. Nilitaka kumkimbilia, nimwambie ni mimi niliyepanga. Sura yake ikanizuia.

Baba akasema kwa sauti kubwa ya furaha, "Oh, na mwenye nyumba amefika!" Mama akawasalimia wageni mmoja mmoja kwa mikono miwili. Akaingia jikoni, akatoka na birika la chai na vikombe. Mwanamke wa kwetu hawaachi wageni bila chai, hata kama wamemkalia mtoto.

Mama Wambui hakuwa amekaa. Alikuwa anazunguka, anashika udongo na kuunusa, maana alikulia shambani na hakudanganywa na rangi. Akafika kule chini. Jua lilikuwa limepanda. Kabichi zetu zilikuwa zimelala, majani yameanguka kama masikio ya mbwa aliyepigwa. Maji niliyozimwagilia hayakuwa yamesaidia chochote. Baba, aliyelima maisha yake yote, na Barnaba, aliyeuza mashamba ya watu, hawakufikiria kwamba kabichi iliyojifunga haihamishwi ikapona. Walifikiria macho ya mnunuzi, jua wakalisahau.

"Hizi zilipandwa lini?" Mama Wambui akauliza.

"Ah, hizo zimekaa," Barnaba akasema. "Ni jua tu."

Mama Wambui akainama, akaigusa moja, ikayumba. Akautazama ule udongo uliochimbuliwa upya, umbo dogo kama la kaburi. Akaniita mimi, akanishika bega. Mkono wake ulikuwa na joto. "Mtoto hadanganyi," akasema. "Mrembo wangu, hapa chini kuna mtu amezikwa?"

Nikamwangalia Baba. Baba alikuwa anaangalia ng'ombe.

"Hakuna," nikasema. Na kwa sababu nilitaka kazi yangu iwe safi, nikaongeza: "Sisi hatujawahi kufiwa."

Mama alikuwa nyuma yangu na birika. Nilisikia analiweka kwenye majani. Akapita, akapiga magoti hapo na nguo zake za safari, akaanza kung'oa. Zilitoka bila kazi, mizizi haikuwa imeshika. Aliziweka kando, zote kumi na mbili, kwa upole, kwa sababu zilikuwa za wenyewe. Akalainisha udongo kwa kiganja.

"Huyu anaitwa Kibet," akamwambia Mama Wambui. "Alikuwa ameanza kukaa. Nyumba nilikubali iuzwe. Huyu sikumuuza."

Kipara cha yule mzee kilikuwa kimetoa jasho, akavua kofia ambayo hakuwa amevaa, mkono ukaenda kichwani ukarudi mtupu. Barnaba akasema, "Tusiharibu siku ya watu, jameni," na Mama Wambui akamwambia anyamaze.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo kichwa changu kinapouma.

Baba alinigeukia mimi. Hakumgeukia Barnaba, hakumgeukia Mama. Alinigeukia mimi, na uso wake ulikuwa na mshangao mzuri kabisa, hata mimi nilikaribia kuuamini. "Wewe!" akasema. "Nani amekufundisha uongo? Unadanganya watu wazima? Mbele ya wageni?" Kisha akawaambia wao, akitikisa kichwa kwa huzuni ya mzazi: "Watoto wa siku hizi. Unalea, hujui unalea nini. Piga magoti hapo. Waombe msamaha."

Nikapiga magoti. Udongo ulikuwa bado na maji yangu. Nilisema, "Nisameheni." Akaniambia niseme kwa sauti. Nikasema kwa sauti. Na jambo baya kuliko yote, jambo linalonifanya nifunge madirisha mpaka leo, ni kwamba nilipokuwa hapo chini nilijaribu kukumbuka ni lini niliutunga ule uongo. Nilitafuta kweli kweli. Kama Baba alisema ni wangu, basi lazima ulikuwa wangu.

Mama alinishika mkono akaninyanyua. "Simama," akasema. Mama Wambui alimshika Mama mikono yote miwili, wakakaa hivyo kidogo, kisha wageni wakaondoka, chai haijamiminwa.

Mchana huo mimi na Mama tuliyarudisha mawe. Kwanza aliyaweka ndani ya karai la maji, akaanza kuyasugua chokaa kwa gunzi la mahindi.

"Uliyabeba wewe?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

Akanipa gunzi langu. Tulisugua mpaka vidole vikakunjamana. Chokaa ilitoka juu, lakini kwenye vile vitundu vidogo haikutoka, na mpaka leo mawe yale yana madoadoa kama mtu aliyepona tetekuwanga.

Shamba halikuuzwa. Kinu cha unga hakikufunguliwa. Chelagat aliolewa na mwalimu wake, na siku ya harusi yake Baba alisimama akasimulia jinsi nilivyomwita mzee wa watu shemeji. Watu walianguka kwa kicheko. Tangu hapo hakuna sherehe kwetu ambapo hadithi hiyo haisimuliwi. Wajukuu wanaijua. Watoto wangu mwenyewe wananiita "shemeji" nikichelewa kupika. Na kila mara hadithi inaishia pale kwenye pick-up, yule mzee ameshika gari anacheka. Kabichi hazimo. Kibet hayumo. Mimi niliyepiga magoti simo. Na mimi, miaka yote, nimecheka pamoja nao. Nacheka vizuri, nina kipaji.

Jumamosi iliyopita nilipanda gari nikaenda Moiben. Ndiyo, mimi. Mama alikuwa kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Nilimkuta Baba amekaa barazani, anapukuchua mahindi ya kuku, mikono inatetemeka kidogo siku hizi. "Shemeji amekuja!" akasema. Nikaketi kwenye gunia la mahindi, nikachukua hindi, tukapukuchua. Kisha nikamwambia yote. Nilianza na kabichi, nikaenda mpaka mwisho, sikuruka kitu, na sauti yangu ilipanda mpaka kuku wakasogea.

Baba alisikiliza. Sikutegemea asikilize, nilikuwa nimejiandaa kwa "ulikuwa mtoto, hukuelewa". Alipukuchua punje chache, akazitazama kiganjani.

"Wageni walikuwa wananiangalia," akasema.

Hiyo tu. Alisema kama mtu anayetaja mvua iliyomnyeshea.

"Hata mimi nilikuwa nakuangalia, Baba."

Akaokota hindi lingine, likamteleza, likaviringika mpaka miguuni pangu. Maisha yangu yote ningelichukua nikampa; siku hiyo nililiacha hapo. Nikainuka, nikakung'uta makapi kwenye sketi, nikaenda zangu nikamwachia gunia lote.